Dakika Nne za Mvua

Kwa wiki tatu niliamini kwamba mama aliyenilea alizika mtoto mchanga kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu. Sikumwambia mtu kwamba ni mama yangu. Niliendelea kufundisha, kusahihisha insha na kukaa kwenye vikao, na kila nilipofumba macho niliiona ile migomba. Leo najua hakuna mtoto aliyezikwa pale. Najua pia kwamba kujua huko hakujanisaidia sana.

Nianze na kosa, maana ni langu na sitalisukumia mashine. Nafundisha historia simulizi katika chuo kikuu kimoja hapa Kisii. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yangu ni kukaa na wazee na kunywa uji. Kazi yenyewe hasa ni kusikiliza rekodi na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno, pamoja na kikohozi, pamoja na kimya. Mahojiano ya saa moja hula siku nzima ya kuandika, na kama mzee hana meno, ongeza siku ya pili.

Programu za akili mnemba zilipoingia madarasani, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika mwongozo wa idara. Nilipewa kwa sababu nina mdomo. Muhula uliotangulia nilikuwa nimemrudishia mwanafunzi mmoja tasnifu yake nzima mbele ya wenzake, baada ya kugundua kwamba vitabu vinne alivyovitaja havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Niliibwaga mezani nikamwambia aende akavisome, kisha aje anisimulie. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka, na nikimkumbuka sasa natamani ningemwita ofisini nikamuuliza alikuwa anakimbizwa na nini.

Mwongozo wangu ulikuwa mfupi na mkali. Tumia mashine ukitaka, lakini sema umeitumia, na useme wapi. Usiamini inachokuambia mpaka ukihakikishe kwenye chanzo chenyewe. Sauti ya mtu aliyekuamini usiilishe mashine kabla hujamuomba ruhusa. Wanafunzi walitia saini mmoja mmoja. Nakala moja ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu, na kila asubuhi niliipita nikitafuta ufunguo. Mganga hajigangi.

Mama ninayemzungumzia ni mke wa pili wa baba. Mama mzazi alifariki kabla sijajua kutembea vizuri, huyu akanibeba mgongoni, na sijui kama alinishusha kabisa. Ana zaidi ya miaka themanini. Anaishi Marani kwenye boma la baba, pamoja na ndugu yangu, kifungua mimba wake. Kwa miaka mingi alikuwa mkunga. Nusu ya watu unaokutana nao siku ya soko pale Marani walipokewa na mikono yake, na wapo wanaume wenye mvi wanaovua kofia wakimpita. Alikuwa na mahali pake sokoni, gunia lake chini, akiuza chinsaga na managu, mboga za kienyeji alizochuma mwenyewe asubuhi hiyo hiyo.

Utafiti wangu ulihusu wakunga wa nyumbani. Nilikuwa nimewahoji saba, upande wa Nyamira na huku Kisii. Wa nane alikuwa mama, na hapo ndipo ningepaswa kumtuma binti yangu.

Kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni. Ni haya iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto, na mtu hulelewa ndani yake hata asiione. Mambo ya mwili, ya uzazi, ya chumbani, hayapiti kati ya mama na mwanawe. Mjukuu anaweza kumuuliza bibi chochote, na bibi atamjibu kwa mzaha wa kuchoma masikio. Mtoto, hapana. Haya yote nayafundisha muhula wa pili. Nimeyaandikia makala. Lakini binti yangu alikuwa mbali, kongamano lilikuwa karibu, nami nikajiambia kwamba mama amenizoea, na kwamba mimi pale si mtoto, ni mtafiti. Mtu aliyesoma hujiambia mambo ya ajabu.

Tulikaa sebuleni saa tisa mchana. Simu niliiweka juu ya kigoda, ikinasa sauti. Mama alijibu vizuri kuhusu dawa za majani, chakula cha mzazi, na namna ya kujua mtoto amegeuka tumboni. Ndipo nikamuuliza kuhusu watoto waliokuja vibaya, wale ambao familia hazikuwataka. Waliishia wapi? Mama alitazama mikono yake. Mvua ilianza hapo hapo, ile ya huku kwetu isiyobisha hodi, na uani kulikuwa na mahindi yameanikwa kwenye turubai. Nikaruka, nikatoka kuyaanua, simu nikaiacha pale pale. Niliporudi nimelowa, mama alikuwa bado anatazama mikono yake. Nikajifuta uso, nikasema, "Tuendelee, mama," nikauliza jambo jingine. Sikufikiria tena.

Rekodi saba za kwanza niliziandika kwa mkono wangu. Ya nane ilinikuta na mafua, rundo la mitihani, na wiki mbili tu kabla ya kongamano. Nilisikia kuna programu inayosikiliza, inaandika, inatafsiri, na hata inasafisha lugha. Ilidai hata kukijua kidogo Ekegusii, lugha yetu. Nikaipa sauti ya mama. Sikumuomba ruhusa. Nilikwenda kuchemsha chai, na chai ilipochemka kazi ilikuwa tayari.

Kurasa zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilisoma nimesimama, kikombe mkononi, mpaka nikafika kwenye swali langu kuhusu wale watoto. Chini yake, kwa jina la mama, mashine ilikuwa imeandika hivi:

"Nilimzika mwenyewe. Ni kule nyuma, kwenye migomba. Hakulia hata mara moja. Mama yake hakuniuliza nimempeleka wapi. Asubuhi nilienda kuchuma chai kama siku nyingine."

Baada ya hapo ilikuja sauti yangu: Tuendelee, mama.

Niliketi. Nataka nieleze kwa nini niliamini, kwa sababu mtu wa mbali atadhani nilikuwa mjinga tu. Niliamini kwa sababu nilitoka nje. Mama asingeweza kuniambia jambo lile usoni, chinsoni isingemruhusu. Basi alingoja nitoke, akakiambia kile kisimu juu ya kigoda, akitumia kelele za mvua kujifunika, kisha akanyamaza niliporudi. Kila nilichojua kuhusu watu wetu kiliniambia kwamba ndivyo ingekuwa. Mgeni asiyetujua angetilia shaka. Mimi, mtaalamu, sikutilia. Nililia, na katikati ya kulia nilisikia furaha, ile furaha chafu ya mtafiti aliyepata kitu ambacho wenzake hawana. Ninaona aibu kuiandika, lakini ilikuwepo.

Sikuisikiliza rekodi. Nilijiambia nisingeweza kuvumilia kumsikia mama akiyasema yale kwa sauti yake. Nikaliita jambo hilo huruma. Ulikuwa uvivu na woga. Na ile habari ya chai ilinipita wazi mbele ya macho: shamba letu halikuwa na mche hata mmoja wa chai mpaka miaka mingi baada ya mama kuacha ukunga. Mwanafunzi angeniletea kosa kama hilo ningelizungushia wino mwekundu mara tatu.

Sabato iliyofuata nilikwenda Marani. Tulitoka kanisani, tukala, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba. Ilikuwa mchana mweupe. Migomba ilikuwa kimya, majani makavu yakining'inia, na kwenye kona ya chini udongo ulikuwa umetitia kidogo, kama udongo unavyotitia popote. Nilipatazama mahali pale mpaka pakawa mahali. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu na beseni la vyombo, akaniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta jani la kufunikia chakula. Hakuangalia majani. Aliangalia ile kona, muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kongamano lilifanyika kwenye ukumbi wetu wenyewe. Maneno yale, sentensi tano, niliyaweka ukutani kwa herufi kubwa, na nilipomaliza ukumbi ukapiga makofi. Chini yake niliandika: mkunga wa Marani, mke wa pili. Jina nililificha, nikajiona mwadilifu. Nilisahau kwamba Marani jina ni kitu cha mwisho ambacho mtu huhitaji. Mwanafunzi mmoja wa kike, msichana wa huko, alipiga picha ule ukuta. Hakuwa na ubaya wowote. Aliniambia baadaye kwamba maneno yale yalimtoa machozi. Aliituma kwa dada yake, dada akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji.

Ndugu yangu alinipigia siku ya Jumanne, kati ya kipindi na kipindi. Yeye ni mtu wa maneno machache na huyatoa polepole. Alisema wanawake wa sokoni wameondoa magunia yao karibu na la mama. Hakuna aliyemgombeza, hakuna aliyemsema. Walihama tu, wakaacha duara tupu kumzunguka, na mama akarudi nyumbani na mboga zote alizokwenda nazo. Kesho yake mwanamke mmoja, ambaye zamani alijifungua mtoto mfu mikononi mwa mama, alikuja akasimama nje ya lango tangu asubuhi mpaka saa sita. Hakuita, hakuingia. Aliangalia migomba, kisha akaenda zake.

Halafu ndugu yangu akanisomea maneno yale kutoka kwenye simu yake, sentensi moja baada ya nyingine, kwa ile sauti yake ya polepole.

"Ni wewe uliandika hii?" aliuliza.

Nikasema ni mimi.

"Wameanza kuhesabu watoto," alisema, akakata simu.

Hakuhitaji kuniambia zaidi. Walikuwa wanahesabu watoto waliokufa wakati wa kuzaliwa, boma kwa boma, na kila mmoja sasa alikuwa anapewa sababu. Huku kwetu najua kuhesabu kwa namna hiyo kunaishia wapi. Kunaishia kwenye neno omorogi, mchawi, na likishamkaa mtu halimbanduki. Kuna vikongwe waliochomewa ndani ya nyumba zao kwa habari nyepesi kuliko sentensi zangu tano. Niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuijua. Nilikuwa nimemuuza mama yangu, na nilimuuza kwa makofi ya ukumbini.

Niliwaambia wanafunzi waende. Nikafunga mlango wa ofisi, mwongozo wangu ukabaki upande wa nje, nikavaa spika za masikioni na kwa mara ya kwanza nikaifungua ile rekodi.

Nilijisikia nikiuliza. Nikasikia pumzi ya mama. Mvua ikaanza juu ya mabati, viatu vyangu vikakimbia, mlango ukagonga. Baada ya hapo ilikuwa mvua tu, mvua nene, dakika moja nzima. Katika dakika ya pili nikamsikia. "Nilimzika." Nikarudisha nyuma. Nikasikia tena, chini ya mvua, sauti ya mama kabisa, pamoja na ile tabia yake ya kumeza mwisho wa neno. Nikasikia "nyuma". Nikasikia "migomba". Nilivua zile spika nikazitupa mezani.

Kisha nikafanya kile ambacho ningemwambia mwanafunzi yeyote afanye. Jirani yangu wa ofisi ni mtu wa Pwani, anafundisha isimu, na hakuwa amefika kongamanoni. Sikumweleza chochote. Nilimpa karatasi nikamwomba aandike kila mahali atakaposikia binadamu. Alisikiliza amefumba macho, dakika zote nne na ziada. Aliandika: mwanamke anauliza, mvua, mlango, mvua, kuku, mvua, mlango, mwanamke anaongea tena.

"Na hapa katikati?" nilimuuliza.

"Hapa katikati hakuna mtu, dada. Mvua na kuku, basi."

Alipoondoka nilikata kile kipande kisicho na kitu ila mvua, nikakirudisha kwenye programu ile ile. Ikaandika, kwa jina la mama, habari za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Nikakirudisha tena. Safari hii mama aliwashukuru watazamaji na kuwaomba wasikose kipindi kijacho. Mara ya tatu aliomba dua ndefu. Kila mara kwa Kiswahili fasaha, kila mara kwa utulivu, kila mara pale pale baada ya swali langu. Mashine haikuwa imesikia lolote. Ilipewa kimya, na kwa kuwa haikufundishwa kuacha mahali patupu, ilijaza. Nilipaswa kufarijika. Nikavaa tena zile spika ili nijihakikishie, na mama alikuwepo bado, chini ya mvua, akizika.

Niliiondoa makala yangu, nikawaandikia waandaaji, nikasimama mbele ya darasa nikasema nilichofanya. Yule kijana wa vitabu vinne alikuwa ameketi nyuma. Hakufurahi, na hilo liliniuma zaidi. Lakini makala iliyoondolewa haisomwi Marani. Kwa hiyo nilimwomba ndugu yangu awaite watu Jumapili: wazee wa mtaa, watu wa kanisa, wanawake wa sokoni, na yeyote aliyeyasoma maneno yale.

Walijaa uani, viti vya plastiki vikaisha, wengine wakakaa kwenye nyasi. Mama aliketi mbele, leso yake nzuri mabegani, mikono mapajani. Nilisimama nikaeleza yote kwa Ekegusii. Niliwaambia nilifanya haraka, sikumuomba mama ruhusa, sikusikiliza, na kwamba maneno yale hayakusemwa na mtu; yenyewe sikuyarudia. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima zake, aliinua mkono akauliza mashine inawezaje kusema ambalo halikusemwa. Nikamjibu kwamba imelishwa maneno ya watu wengi, wengi kupita hesabu, ikajua ni neno gani kwa kawaida hufuata neno gani.

Alifikiri.

"Kwa hivyo kuna mtu mahali aliyasema," alisema.

Nyuma yake mtu akanong'ona kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikaona heri niwasikilizishe.

Tulikuwa tumeazima spika ya kwaya. Mbingu zilikuwa safi, jua limetupiga utosini, na kutoka kwenye kile kisanduku cheusi mvua ikaanza kunyesha. Kwa dakika nne mvua ilinyesha juu ya watu wote wale waliokaa wakavu juani. Wachache walitazama juu. Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nikiwatazama nyuso, na katika dakika ya pili nikaona mwanamke mmoja wa mstari wa pili akiweka kiganja mdomoni. Akamgeukia jirani yake, akasema polepole amesikia "migomba". Jirani akaitikia kwa kichwa. Nililiona likitembea kutoka kiti hadi kiti, na lilipokwenda, watu walikuwa wanasikia. Wote walikuwa wameyasoma yale maneno. Nilitaka kuizima, nikakumbuka kwamba kuizima kungeonekana ni kuficha.

Aliyetuokoa alikuwa bibi mmoja kutoka Manga, mkunga wa tatu kati ya wale niliowahoji. Nilikuwa nimempakia kwenye bodaboda asubuhi hiyo bila kumweleza yaliyoandikwa, na hajui kusoma. Rekodi ilipofika mwisho, na sauti yangu ikasema, "Tuendelee, mama," ndugu yangu alimuuliza amesikia nini.

"Nimesikia mvua," alisema. Kisha akanielekezea fimbo. "Na nimesikia mtoto akimuuliza mama yake mambo ya uzazi. Mlitaka amjibu nini? Huyu amenyamaza kwa sababu ana adabu. Asiye na adabu ni huyu wenu aliyesoma."

Kwanza alicheka mzee mmoja, kisha wanawake wa sokoni, kisha uwanja mzima. Mwalimu wa chuo kikuu, na mvi zake, kumuuliza mama yake vile! Walinicheka mpaka wakajifuta macho, na mimi nilisimama pale nikawashukuru kimoyomoyo, kwa sababu kila kicheko kilikuwa kinamtoa mama kwenye hatari. Yule mzee wa kanisa aliomba sala. Yule mwanamke aliyesimama langoni alimpa mama mkono. Siku ya soko iliyofuata magunia yalirudi mahali pake, na ndugu yangu akanipigia kuniambia mama ameuza mboga zote kabla ya saa nne.

Katika mchana ule wote hakuna aliyemgeukia mama akamuuliza chochote. Tulizungumza juu yake mbele yake. Na mimi nilikuwa wa kwanza kusahau.

Ndugu yangu alinipigia tena baada ya siku kumi. Aliniambia nije tu. Nilifika karibu saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaachia bonde. Alinipokea langoni, akanionyesha kwa kidole nyuma ya nyumba, yeye hakuja.

Mama alikuwa kwenye ile kona ya chini, ameketi kwenye jani la mgomba, jembe kando yake. Kulikuwa na mashimo matatu, madogo na matupu, yaliyochimbwa kwa uangalifu, udongo umewekwa upande mmoja ili usimwagike. Mikono yake ilikuwa na matope mpaka kwenye vifundo. Nilipiga magoti. Niliomba msamaha, kisha nikamweleza tena kila kitu: mtu wa Pwani, ng'ombe, watazamaji, dua. Nilimwambia hakusema neno. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mgeni.

"Wewe ulikuwa nje," alisema.

Ni kweli, nilikuwa nje.

"Nimepokea watoto wengi mno, mwanangu. Mambo mengine yamenitoka. Lakini wewe umesoma, na uliandika, na kabla ya kuandika ulikuja ukasimama hapa ukaangalia. Nilikuona."

Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia hakuna mtoto, mama, hajawahi kuwepo. Aliusawazisha udongo kwa kiganja, polepole, akapapasa ukingo wa shimo la mwisho.

"Hiyo mashine yako iulize jambo moja tu," alisema. "Iulize alikuwa mvulana au msichana. Nataka nimpe jina, niweze kumwombea."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua kwamba nikiiuliza, itajibu.